Moshi wa Roho ya Chumvi

Usijifanye hukumwona. Ulipita chini ya jengo jipya, ukainua macho, ukasema, "Mawe meupe hayo, mazuri ajabu!" kisha ukaenda zako. Juu ya jukwaa la mabomba alikuwepo mtu mwenye ndoo na brashi, kitambaa kimemning'inia shingoni, anakohoa hadi mabega yanatikisika. Ulimwona. Ukaamua kuangalia mawe, kwa sababu mawe hayakohoi. Basi leo utakaa usikilize habari zake, maana mtu yule ana jina, ana mke, na ana binti wa miaka kumi na mitatu.

Jina lake ni Abu Mutaz, mwosha mawe wa mjini Irbid. Pale Irbid nyumba haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka mawe yake yaoshwe. Waashi wakimaliza kujenga huacha kuta zimejaa madoa ya saruji, na anayezing'arisha ni mwosha mawe. Anatumia asidi ambayo watu wote wa pale wanaiita roho ya chumvi. Anaipaka ukutani kwa brashi, jiwe linatoa povu, anasugua, kisha anasuuza kwa mpira wa maji. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya Abu Farhan, ambaye leo hawezi kupanda ngazi za nyumba yake mwenyewe bila kukaa katikati apumzike. Na kabla ya Abu Farhan alikuwepo Hamdan, aliyekuwa akiimba harusini kwa sauti ya kuwatoa watu machozi, hadi kifua kilipomfunga. Watu wamemsahau Hamdan. Majengo aliyoyaosha bado yanang'aa.

Nyumbani kwa Abu Mutaz, cha kwanza kuamka kila asubuhi kilikuwa kikohozi chake. Wa pili alikuwa binti yake, Rudeina. Alijifunga hijabu ya shule, akaja kuketi sakafuni penye sinia la mkate, mafuta ya zeituni, zaatari ya majani makavu na ufuta, na maziwa ya mgando. Mama yake, Umm Mutaz, alikuwa akimimina chai.

"Nenda hospitali, mwanaume wewe," mama alisema.

"Vumbi tu hilo. Nikinywa chai litashuka."

"Vumbi gani lisilotoka miezi yote hii? Limepanga chumba humo kifuani?"

Abu Mutaz alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Alipotulia alijifuta macho. "Wallahi, Umm Mutaz, msimamizi wetu anatulinda. Abu Zeidan si mjinga. Kuna mchoro wa wataalamu ulikuja na mapipa ya roho ya chumvi, ameubandika ukutani. Asidi ile huamka polepole. Mwanzo haina neno, unasugua uso wazi. Sumu inapanda mwishoni, na mwishoni tunavaa barakoa."

"Mbona msivae tangu mwanzo?" Rudeina aliuliza.

"Barakoa ni chache, mwanangu, na vichujio vyake vinakwisha upesi. Abu Zeidan hataki vichakae bure."

"Na huo mwanzo haukuchomi pua?"

"Unachoma," baba yake alikiri. "Lakini Abu Zeidan anasema hiyo ni harufu tu. Sumu yenyewe inakuja baadaye. Imeandikwa."

Imeandikwa! Neno hilo limewaua watu wengi kuliko nyoka. Wanaume wazima walikuwa wakichomwa pua kila siku, wakaamini karatasi kuliko pua zao.

Rudeina naye aliuamini mchoro ule. Alikuwa ameuona siku moja alipompelekea baba yake chakula cha mchana. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni, hakuna aliyeyasoma, ila mstari ulionekana vizuri. Upande wa kulia ulikuwa chini kabisa, ukapanda na kupanda hadi juu, kushoto.

Asubuhi hiyo darasa lao lilikuwa na somo la kemia kwa vitendo. Mwalimu Intisar alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika hadi uwanjani. Aliwapanga wasichana wawili wawili, akawavalisha miwani ya kulinda macho, akawagawia vipande vya mawe ya chokaa.

"Leo tunatafuta kasi ya mmenyuko," alisema. "Mmenyuko ni pale vitu viwili vinapokutana vikazaa kitu kipya. Asidi itakutana na jiwe, itatoka gesi. Gesi itapita kwenye mpira na kuingia katika silinda hii ya vipimo. Mmoja atazame saa, mwingine asome sentimita za ujazo za gesi kila nusu dakika. Mwandike mnachokiona. Msiniandikie mnachokipenda."

Rudeina aliwekwa pamoja na Tamadhur, msichana mrefu mwenye mdomo usiojua kupumzika. Walitia asidi, wakaziba kizibo. Povu lilichemka mara moja.

"Nusu dakika!" Tamadhur alisema.

"Ishirini na nne."

"Dakika moja!"

"Arobaini."

Waliendelea hivyo mpaka gesi ikaacha kuongezeka, na silinda ikasimama kwenye sitini. Rudeina aliitazama safu ya namba zake, moyo ukaingia wasiwasi. Ishirini na nne katika nusu dakika ya kwanza tu? Baba alisema asidi huamka polepole. Wataalamu walisema. Bila shaka yeye ndiye aliyesoma vibaya. Alichukua kifutio, akafuta ishirini na nne, akaandika nne. Akafuta arobaini, akaandika kumi.

"Wewe! Unafanya nini?" Tamadhur alinong'ona.

"Nasahihisha."

"Unasahihisha? Hicho kifutio chako kiliiona gesi? Mimi niliiona kwa macho haya mawili."

"Nyamaza. Mimi najua asidi hii. Baba yangu anaifanyia kazi."

"Na baba yangu anauza keki za kunafa, lakini sijui kuzipika!"

Mwalimu Intisar alikuwa tayari amesimama nyuma yao. Aliinama juu ya grafu ambayo Rudeina ameanza kuichora. Mstari ulitambaa chini kama mtu asiyetaka kuamka, kisha ukaruka juu ghafla mwishoni.

"Ajabu," alisema. "Darasa zima asidi imekimbia mwanzo ikachoka mwisho. Kwenu imelala mpaka saa nne, ikaoga, ndipo ikaja kazini."

Wasichana waliangua kicheko. Tamadhur alitazama dari. Rudeina alihisi masikio yanawaka. Angeweza kusema silinda ilikuwa mbovu. Angeweza kusema saa ilisimama. Maneno hayo yalikuwa tayari ulimini.

"Nimezibadilisha, mwalimu," alisema. "Nilisoma ishirini na nne, nikaandika nne."

Kicheko kilikatika.

"Kwa nini?"

"Baba yangu anaosha mawe. Kule kazini wanasema roho ya chumvi huamka polepole. Nikadhani macho yangu yamekosea."

Mwalimu hakumgombeza. Alivuta kiti akaketi. "Sikiliza, Rudeina. Asidi haimjui baba yako, wala hainijui mimi. Haina mtu inayemwonea haya. Ukibadilisha namba, asidi itaendelea kufanya yake vilevile, ila wewe hutajua tena inafanya nini. Osheni vyombo mrudie. Na uandike unachokiona, hata kama kinamwaibisha mtu mkubwa."

Walirudia. Nusu dakika, ishirini na nne. Dakika moja, arobaini. Dakika moja na nusu, hamsini. Kisha hamsini na sita, hamsini na tisa, sitini, na sitini tena. Namba zilikuwa zilezile, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzifuta.

Rudeina alizitia katika grafu, muda chini, gesi pembeni, akaziunganisha kwa mkono mwepesi. Mstari ulipaa kwa ukali, ukaanza kulegea, mwishoni ukalala.

"Sasa tuusome," mwalimu aliliambia darasa. "Palipo na mwinuko mkali, gesi inatoka kwa kasi. Palipolala, kazi imekwisha. Lakini 'mkali' ni neno la sokoni, sisi tunataka namba. Wekeni rula iguse mstari mahali pamoja tu, bila kuukata. Choreni mstari mnyoofu. Someni umepanda kiasi gani, mgawanye kwa sekunde ulizotumia."

Rudeina aliweka rula mwanzoni kabisa. Mstari wake mnyoofu ulipanda hamsini katika sekunde hamsini. Kasi ilikuwa sentimita moja ya ujazo kwa kila sekunde. Aliisogeza rula hadi dakika ya kwanza, kasi ikashuka chini ya nusu ya ile ya mwanzo. Dakika ya pili ilibaki kidogo sana. Mwishoni rula ililala sambamba na meza. Sifuri.

"Kwa nini inachoka?" Tamadhur aliuliza.

"Kwa sababu asidi inaliwa. Mwanzo imejaa, kila upande jiwe linashambuliwa. Kila dakika inapungua. Asiyebaki na askari hapigani. Haya, mchoro wa mwisho. Chini muda, pembeni ile kasi mliyoipata."

Rudeina alichora. Kushoto, mwanzo, nukta ilikuwa juu. Iliyofuata ilikuwa chini yake, na nyingine chini zaidi, mpaka mstari ukafika chini kabisa upande wa kulia. Alikodoa macho. Mstari huu anaujua! Ndio ule uliobandikwa kule kazini kwa baba.

Tangu alipojua kusoma, kila mstari wa maandishi ya Kiarabu ameuanza kulia akaumaliza kushoto. Barua, gazeti, Kurani, vibao vya maduka, vyote ni hivyo. Ule mchoro nao aliusoma hivyohivyo. Na Abu Zeidan, aliyeacha shule mapema akaingia kwenye ujenzi, aliusoma hivyohivyo. Wakauona mwisho wakaufanya mwanzo.

"Mwalimu!" Alisimama bila kuinua mkono. "Wanavaa barakoa mwishoni!"

"Nani?"

"Akina baba! Wanasugua uso wazi povu likichemka, kisha wanavaa barakoa povu likishakwisha!"

Mwalimu Intisar aliweka chaki chini polepole. "Kila kipovu kinachopasuka kinarusha matone madogo ya asidi hewani," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Povu likiwa kali, matone ni mengi. Wanayavuta." Akamtazama Rudeina. "Kengele ya mwisho ikilia, usiende nyumbani. Tunakwenda wote."

Walipofika kwenye jengo, waosha mawe walikuwa wakinywa chai kivulini. Abu Mutaz aliinuka haraka. "Kuna nini? Umefanya nini shuleni?"

"Hajafanya baya, Abu Mutaz," mwalimu alisema. "Mpe nafasi azungumze na mkubwa wenu."

Abu Zeidan alikuwa mtu mnene mwenye sharubu zilizochanwa vizuri. Alimsikiliza Rudeina mpaka mwisho, kisha akawageukia watu wake. "Jamani, tumeletewa waziri! Binti, mimi nimesimamia majengo kabla mama yako hajaolewa."

"Ndiyo, ammu," Rudeina alisema, kwa neno la kumwita ami. "Naomba tu unionyeshe katika huo mchoro muda unaanza wapi."

Aliweka kidole chake kinene upande wa kulia. "Hapa. Unaanza chini, unapanda."

"Lakini sifuri imeandikwa huku kushoto."

"Ndiyo! Sifuri ni mwisho. Taa za barabarani zinahesabuje? Tano, nne, tatu, mpaka sifuri. Muda umekwisha, nenda!"

Watu walicheka. Jibu lilikuwa zuri, na hata Rudeina aliona ni zuri. Baba yake alimshika bega. "Basi, mwanangu. Usinitie aibu mbele ya watu. Hii ndiyo riziki yetu."

Hapo angeweza kurudi nyumbani akiwa binti mwenye adabu, na baba yake aendelee kufa kwa adabu. Rudeina aligeuka akaitazama ndoo, mpira wa maji na chupa tupu za maji zilizotupwa chini.

"Ammu Abu Zeidan, tusibishane juu ya karatasi ya watu wa mbali. Tupime roho ya chumvi yenu wenyewe. Wewe ndiye utakayechora."

"Mimi?"

"Wewe. Na uanzie upande unaoutaka."

Abu Zeidan alipenda kutazamwa. Alichomoa penseli ya useremala nyuma ya sikio. "Haya. Leteni jiwe!"

Rudeina alimimina maji katika chupa moja, gilasi ya chai moja baada ya nyingine, na kila gilasi akaichorea alama. Chupa ilipojaa waliigeuza kichwa chini ndani ya ndoo ya maji, wakaingiza mpira mdomoni mwake. Mwisho wa pili wa mpira ulitiwa katika chupa nyingine yenye vipande vya mawe. Mwalimu aliwarudisha watu wote nyuma, upande upepo unakotoka. Abu Mutaz peke yake, akiwa na glavu, miwani na barakoa, alimimina asidi kidogo akaziba kwa gundi ya kuzibia mabomba.

Chupa ilinguruma. Mapovu yaliingia ndani ya ile iliyojaa maji, yakayasukuma maji chini.

"Nusu dakika!" mwalimu alisema.

"Gilasi tatu na nusu!" waosha mawe walijibu kwa sauti moja.

Abu Zeidan alitia nukta kwenye bamba la jiwe lililoegemezwa ukutani. Alianzia ukingo wa kulia, kama alivyozoea.

"Dakika moja!"

"Karibu sita!"

"Dakika moja na nusu!"

"Saba na nusu! Hapana, haijafika. Saba!"

Nukta zilikwenda kushoto. Kisha watu wakaanza kutazamana, kwa sababu maji hayakushuka tena kama mwanzo. Yalisitasita. Mwisho chupa ikatulia kimya.

"Unganisha, ammu," Rudeina alisema.

Abu Zeidan aliburuza penseli. Kutoka kulia mstari wake ulipaa kama ukuta, ukalegea, ukalala upande wa kushoto. Alikuwa ameuchora kwa mkono wake, kwa mwelekeo wake, juu ya jiwe lake.

"Wapi unapaa kwa ukali?" Rudeina aliuliza.

Kidole kinene kilikwenda kwenye jiwe, kikasita. "Mwanzoni," Abu Zeidan alisema kwa sauti ndogo.

"Na mwishoni, mnapovaa barakoa?"

Mwosha mawe mmoja alivua kofia akaitupa chini. "Yaani tumekuwa tukivuta moto, kisha tunajikinga na maji?"

"Nilidhani nawalinda," Abu Zeidan alisema. Alionekana kusema kweli, na kusema kweli hakukuwarudishia watu vifua vyao. Alikohoa kusafisha koo, akarudisha ukubwa wake. "Sawa. Tumalizie ukuta huu mmoja. Habari ya barakoa tutaitazama kesho."

Abu Mutaz alivua glavu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia msimamizi neno la kumpinga. Aliweka brashi yake juu ya bamba la jiwe, kando ya mstari. "Kesho ni neno la mtu mwenye barakoa," alisema. "Mimi sipaki tone moja mpaka kila mtu hapa awe na yake usoni, kabla povu halijaanza."

"Abu Mutaz! Nitapata watu wengine!"

"Walete. Binti yangu atawachorea na wao."

Mwingine aliweka brashi yake. Kisha wa tatu. Wakaketi wote kivulini, wakajimiminia chai. Abu Zeidan alizunguka jengo, akampigia simu mwenye nyumba, akafoka, akabembeleza, akafoka tena. Kabla ya sala ya alasiri gari dogo lilifika na kasha la barakoa mpya pamoja na vichujio. Kumbe zilikuwa zinapatikana hapohapo mjini! Ila hakuna aliyezinunua.

Wiki hiyo Umm Mutaz alimburuza mumewe hospitali. Daktari alimwambia kifua kimeungua lakini hakijaharibika. Asivute moshi ule tena, kitapona. Kikohozi kilipungua taratibu, hadi asubuhi moja mama akawa ndiye wa kwanza kuamka, akashangaa ukimya.

Mwalimu Intisar alimsimamisha Rudeina mbele ya darasa, lakini hakumsifu kwa grafu.

"Grafu nzuri mmechora wengi," alisema. "Nataka mkumbuke kifutio. Siku ile Rudeina alikuwa na namba ya kweli mkononi, akaifuta kwa sababu mkubwa alisema vingine. Angenidanganya mimi, angepata alama zake, na baba yake angeendelea kuungua. Alipokiri, ndipo njia ilipofunguka. Heshima kwa mkubwa ni kumletea ukweli. Ukimwachia kosa lake kwa kuogopa, hujamheshimu, umemtelekeza. Pima, andika ulichokiona, kisha simama nacho."

Sasa wewe. Kwenu pia yupo mtu anayerudi jioni macho mekundu, au mikono imebabuka, au hasikii vizuri ukimwita, na wote nyumbani mmezoea kusema ni uchovu. Leo, kabla hajalala, kaa karibu naye umwulize anashika nini kazini, anavuta nini, na nani alipima kikaonekana ni salama. Akikwambia hakuna aliyepima, usiitikie kwa kichwa. Mwambie mwalimu wako. Waambie wenzako. Nendeni mkaulize pale kazini kwake, mkiwa wengi, mchana kweupe, na msiondoke na neno "kesho". Weka kitabu hiki chini, uinuke.